Ovaroli Isiyochafuka

"Hivi mwanao kasoma kote huko ili akaishi chini ya ardhi kama fuko?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja bombani, ndoo ikijaa. Mama alicheka, akajitwisha ndoo yake, lakini swali lile aliingia nalo ndani, akalala nalo, akaamka nalo.

Sasa binti alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, na chuo kilikuwa kimempeleka mafunzoni kwenye handaki linalochimbwa chini ya mlima. Kaka mdogo wa Mama ndiye msimamizi wa zamu kule. Bahati iliyoje, watu walisema. Ila wiki zilipita, na ovaroli aliyofua Mama kila Jumamosi haikuwa na tope. Ilikuwa na madoa ya chai.

"Mjomba ananichosha," binti alisema asubuhi ile, akikaza kamba za buti kana kwamba ndizo zilizomkosea. "Leo feni ya hewa mbovu, kesho maji yamejaa, keshokutwa taa yangu haina chaji. Wenzangu wameshashuka mpaka kwenye mwamba. Mimi naosha vikombe. Na mwalimu wa chuo anakuja kunikagua leo, Mama. Anikute mlangoni na birika? Nitarudia mwaka."

Mama alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Mjomba akaegesha pikipiki nje, akapiga hodi, akaingia, akavuta kiti. Hajakaa vizuri, binti keshamkabili.

"Mjomba, leo nashuka au sishuki?"

"Tunywe chai kwanza, mpwa wangu."

"Chai nimeshapika ya kutosha."

Mjomba alimtazama dada yake. Dada yake aliitazama sufuria.

"Dada, sema wewe basi. Mimi nimechoka kutunga ubovu wa feni. Kule wananicheka, eti feni zangu zinaugua kuliko binadamu."

Akatia mkono mfukoni, akaweka mezani kibati cha shaba chenye namba. Kule kila anayeshuka hukitundika chake mlangoni mwa handaki. Asiye nacho hapiti. Hiki kilikuwa hakijaguswa na msumari.

"Kumbe unacho?" binti akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Mama yako alinishika mkono hapo nje, akaniapisha nisikushushe."

"Nimeshazika mmoja nyumba hii, baba yako," Mama akasema. "Kila alfajiri niliomba usifukiwe ungali hai. Nikaona nimsaidie Mungu kidogo."

"Umsaidie Mungu," binti akarudia taratibu. "Kwa birika."

Mjomba akakohoa, maana kicheko kilimjia mahali pabaya.

Mama alikichukua kibati, akakifuta kwenye upindo wa gauni, akamnyooshea. Vidole vyake vilichelewa kukiachia. Ikabidi binti akivute. Akavaa kofia ngumu palepale ndani, akapita mlangoni, na pikipiki ya Mjomba hakuisubiri.