Daftari la Neno Moja

Kwa maelezo ya Mama Prosper, muuza mkaa wa mtaa wa Sakina, mambo yalikwenda hivi. Siku ya Alhamisi, wanafunzi wa Mwalimu Ludovick walipotoka kunywa chai, Anyesi aliingia darasani kwa kunyata, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akachota vijitabu vitatu mezani na kuvificha ndani ya kanga. Alipotoka alitembea kama mjamzito. Mama Prosper alikuwa ameketi juu ya gunia lake ng'ambo ya barabara ya Nairobi, na malori yote yale yanayopita hayakumzuia kuona. Siku ya kwanza vijitabu vilikuwa vitatu. Kufikia Jumamosi asubuhi, pale bombani, vilikuwa sita, na saa ya mkononi ya mwalimu ilikuwa imeongezeka.

"Msomi wa masufuria huyo," aliwaambia wenzake kwenye foleni ya maji, Anyesi mwenyewe akiwa amesimama pale pale na ndoo yake. "Darasa la saba halikumtosha. Sasa anaiba elimu ya watu."

Anyesi alisogeza ndoo mbele, zamu yake ilipofika akakinga maji, akaondoka. Kweli alikuwa ameingia darasani, kutafuta kitu chake. Alichukua kijitabu kimoja, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma akiwa amesimama, akakirudisha pale pale kilipokuwa. Kilichomtoa jasho ni alichokisoma. Kilikuwa daftari lake, limepigwa chapa kwa stensili, na juu yake limeandikwa: Matumizi Sahihi ya Neno "Get", kimetungwa na Mwalimu L. Massawe.

Daftari hilo alilianza kule Momela, chini ya Mlima Meru, alikokuwa akiosha vyombo kwenye kambi ya watalii. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na kahawa ya baba yake ilikuwa haina bei ya kumlipia mtu shule. Kwenye karai la vyombo akawa anasikiliza. Wazungu walikuwa na neno moja lililojaa kila mahali kama nzi wa jikoni. Mtu akipokea barua, get. Akifika kambini, get. Akilowa mvua, get. Akichelewa kuuelewa utani halafu akauelewa, get vilevile. Anyesi alinunua daftari la kurasa arobaini na nane, akajiwekea utaratibu: hataandika maana ya sentensi mpaka aisikie mara tatu, kutoka vinywa vitatu. Akiisikia mara ya kwanza aliweka namba tu na kuacha mistari miwili wazi. Wakati mwingine ile mistari ilikaa mitupu miezi mitatu. Hakuwa na haraka. Kambi ilipouzwa na wafanyakazi wa zamani kuachishwa, aliteremka mjini na kibegi kimoja na maana thelathini na nane.

Wakati huo kila nyumba ya Sakina yenye chumba cha mbele ilikuwa imegeuka duka la mitumba, saluni au darasa la Kiingereza, maana kampuni za utalii zilifunguliwa kila kukicha na kila kijana alitaka kuwa dereva wa wageni. Anyesi alipata kazi ya kufagia darasa la Mwalimu Ludovick. Wiki ya pili akamkabidhi daftari lake kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa shuleni, akamwomba amsahihishie. Mwalimu alifunua kurasa mbili tatu, akafunua nyingine.

"Liache," akasema. "Nitalipitia."

Hapo ndipo Anyesi alipokosea, lakini nani kwao asingekosea hivyo? Daftari likishakaa mezani kwa mwalimu halifuatwi. Unasubiri lirudi na wino mwekundu. Anyesi alisubiri wiki tano, akifagia chini ya meza ile ile, na kila akitaka kuuliza aliona ni utovu wa adabu. Wiki ya sita mwalimu akamwambia hahitaji tena mfagiaji.

Angeweza kulisamehe hata hilo, kama si Bwana Aminieli. Huyu alikuwa mkuu wa ofisi ya kampuni moja changa ya utalii kule Themi, aliyetafuta mtu wa kupokea wageni mapokezi. Alimsikiliza Anyesi akizungumza na Mjerumani mmoja mlangoni pa ofisi, akamwuliza cheti. Anyesi akasema cheti hana, ana daftari. Bwana Aminieli alicheka, ila hakumfukuza. Alete hilo daftari Jumatatu saa mbili alione kwa macho yake, alisema. Asipoliona, nafasi anampa mwenye cheti, maana waliomaliza kidato cha nne wamejaa hadi kwenye ngazi.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo hiyo, baada ya kuweka ndoo ndani, Anyesi alivaa gauni lake la kanisani na kuvuka barabara.

Darasa lilikuwa limejaa. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu Ludovick hakuitikia marahaba. Alimtazama toka viatuni kwenda juu, kisha akawageukia wanafunzi. Akawaambia watu hawana haya, mtu anaiba Alhamisi, Jumamosi anarudi kwa mguu wake. Nyuma yake Anyesi alisikia kandambili: Mama Prosper alikuwa amevuka barabara pia, asikose.

"Sikuiba, mwalimu. Nimefuata daftari langu."

"Daftari gani?"

"La neno get. Nililokuachia unisahihishie."

Mwalimu alicheka, na wanafunzi wa mbele wakacheka naye. Akauliza tangu lini wafagiaji wanatunga vitabu. Akasema yeye amefundisha Kiingereza miaka kumi na mmoja, serikalini na sasa kwake mwenyewe, na hawezi kukaa kusikiliza mtu wa karai. Kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Get out."

Hiyo ilikuwa namba kumi na saba. Mara ya tatu Anyesi alipoisikia, aliyeambiwa alikuwa nyani aliyeingia kwenye hema la chakula. Alibaki amesimama.

"Namba tisa kwenye kitabu chako inasema mbuzi wa Loserian watolewe jikoni," alisema. "Loserian ni jirani wa kambi yetu ya Momela. Mbuzi wake nimewafukuza mimi kwa mwiko. Wewe unamjua wapi?"

Baadhi ya wanafunzi walifunua vijitabu. Mwalimu akasema ni jina la mfano tu, kina Loserian wamejaa mkoa mzima, na kama binti huyu anaijua namba tisa ni kwa sababu ameiba kitabu na kukikariri.

"Hilo ndilo ninalowaambia," Mama Prosper alidakia kutoka mlangoni. "Nimemwona kwa macho haya."

Anyesi aliwageukia wanafunzi. "Basi tuache vilivyoandikwa. Fungueni ishirini na tatu."

Makaratasi yakafunuliwa. Dismasi, dereva wa teksi aliyekaa karibu na dirisha, ndiye aliyesema, polepole, kwamba ishirini na tatu haina kitu. Ipo namba, halafu mistari miwili mitupu, halafu ishirini na nne. Akamkumbusha mwalimu kwamba aliwahi kuuliza.

"Nikakujibu mchapaji alikosea," mwalimu alisema.

"Mchapaji hakukosea," Anyesi alisema. "Alichapa alichopewa. Mistari hiyo niliiacha mimi, kwa sababu ile sentensi nilikuwa nimeisikia mara mbili tu. 'You get used to it.' Mara ya kwanza ilikuwa habari ya baridi, mara ya pili habari ya maji yale yenye chumvi. Nilidhani ni kuzoea, lakini sikuwa na hakika. Sikutaka kuandika uongo."

Hakuna aliyecheka. Dismasi alikitazama kijitabu chake, akakifunga, akakiweka kifudifudi juu ya dawati. Mwanafunzi aliyekaa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Mama Prosper alichungulia ndani, ila hakuondoka mlangoni.

Mwalimu Ludovick alikuwa amewapa mgongo. Droo ya meza yake ilikuwa wazi kidogo, na pembeni Anyesi aliona kona ya jalada la kijani, lenye doa la chai aliyoimwaga mwenyewe. Ilikuwa hatua nne kutoka aliposimama. Angeweza kuzipiga. Lakini mtu aliyeitwa mwizi bombani hatii mkono kwenye droo ya mwenzake mbele ya darasa zima, na mwalimu alilijua hilo kama alivyolijua yeye.

"Mwalimu," alisema, "sitaki jina langu kwenye kitabu chako. Uza tu. Ninaomba daftari langu. Jumatatu saa mbili ninalihitaji."

Mwalimu Ludovick alichukua chaki, akafuta ubao uliokuwa tayari safi, akaanza kuandika tarehe, kana kwamba mlangoni hapakuwa na mtu.