Mabano ya Hadado

Sharifo alikuwa akiongea na kompyuta kwa sababu hakuona mwingine wa kuongea naye Kiswahili. "Haya, bibi, amka," aliiambia kila asubuhi akisubiri kioo kiwake. Akikosea, aliiomba radhi. Ikikosea yenyewe, aliitukana kwa maneno ambayo mama yake, kule Garissa kando ya Mto Tana, angemkimbiza na mwiko kwa kuyatamka.

Ofisi ya mradi wa maji wa Hadado ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye paneli za sola juu. Bosi wake, Mustafe, alikaa Wajir mjini na kuongoza kwa simu. Kazi ya Sharifo ilikuwa jedwali la zamu. Kiangazi kikikaza, lori la maji huja mara moja kwa wiki na kujaza barkadi moja, yaani lile tangi la saruji linalochimbwa ardhini, na mwenye barkadi huyagawa maji kwa majirani zake. Jedwali ndilo lililosema wiki hii ni zamu ya nani. Aliyerukwa alisubiri, na mbuzi wake walisubiri pamoja naye, wale walioweza.

Sharifo ni Mmunyoyaya, mwanamke wa mtoni. Kisomali chake kilikuwa cha sokoni: kilitosha kununua sukari, hakikutosha kucheka na watu. Kwa hiyo alitoka chumba alichopanga akaingia ofisini, akatoka ofisini akaingia chumbani, na katikati alitoa salamu. Chakula alikila mlango ukiwa umefungwa. Ili siku zisimshinde, alijitafutia somo. Alijifunza makro.

Alikuwa na kijitabu alichopakua kwenye simu alipokuwa Garissa, kabla hajajua kwamba Hadado mtandao huja kama mgeni asiyependa kukaa. Kijitabu kilisema makro si uchawi. Ni kama kumwonyesha mtu njia: unatembea mara moja naye akikutazama, kesho unamtuma peke yake. Unabonyeza kitufe cha kurekodi, unafanya kazi yako, unasimamisha. Kompyuta inaandika yenyewe kila ulichofanya, mstari baada ya mstari.

Makro yake ya kwanza ilipaka rangi kichwa cha jedwali. Ya pili ilikuwa ya kuandika tarehe, nayo ilimtesa. Kila alipoituma iliandika katika kisanduku kile kile, hata alipokwisha kuhamia safu nyingine, kama ngamia anayerudi kwenye kisima kilichokauka kwa kuwa ndicho alichozoea. Alihangaika nayo mpaka akagundua kwamba alikuwa hajaiambia ianzie pale aliposimama. Alipoirekebisha ikatii, alipiga makofi, akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta na kalenda.

Alimwandikia Iftin, rafiki yake wa chuo. Ujumbe ukapata alama moja ya kijivu, ukabaki nayo.

Basi siku moja Mustafe akapiga simu. Alisema mfumo mpya wa Wajir unakataa majina yenye mabano. Majina matatu tu, ya mtu, ya baba na ya babu, na mengine yote yafutwe.

Sharifo alifurahi kuliko alivyoonyesha. Mabano yale yalikuwa yakimuudhi tangu alipofika. Karibu kila mwanamume katika jedwali alikuwa na neno ndani ya mabano baada ya jina lake, na yule karani aliyemtangulia alikuwa amemtafsiria machache kabla ya kuondoka. Faruur, mwenye mdomo uliopasuka. Farole, aliyekatika vidole. Dhegoole, kiziwi. Kwao mtoni, mtoto akimwita mtu kwa kilema chake hulala na njaa. Na hapa watu wazima walikuwa wameyaandika katika karatasi ya ofisi.

Kufuta kwa mkono kungemchukua kutwa. Alibonyeza kurekodi. Alifungua dirisha la kutafuta, akaandika mabano yenye nyota katikati, nyota ikimaanisha neno lolote lile, na penye kubadilisha akaacha patupu. Akasimamisha. Kisha akaituma makro ipite kwenye kurasa zote za jedwali, na vilema vyote vya Hadado vikatoweka kwa pumzi moja. Majina yalibaki yamesimama safi, kama watu waliooga wakavaa kanzu. Aliona amewasitiri. Akahifadhi, akapeleka Wajir, na mfumo ukapokea bila kunung'unika.

Siku ya lori, dereva aliingia na karatasi mkononi. Jelle alikuwa mtu wa Tarbaj, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Aliiweka karatasi mezani taratibu, kama anayemlaza mgonjwa.

"Abaayo," alisema, kama wanavyomwita dada huku, "hii zamu ni ya nani?"

Sharifo alisoma. Abdille Mahat Abshir.

"Sawa. Yubi?"

Alimaanisha yupi, lakini Sharifo hakuelewa. Jelle akavuta kiti, akamweleza kwa utulivu ulioumiza kuliko kelele. Watu wa hapa ni ukoo mmoja, na mababu hawaachi majina yao yafe. Abdille Mahat Abshir wako wanne, kila mmoja na barkadi yake, kila barkadi upande wake wa nyika. Zamani karatasi ilisema ni yupi.

Sharifo aligeukia kompyuta. Safu ya mahali ilisema Hadado kwa kila mtu. Safu ya simu ilikuwa na namba ya duka moja, ambako wote huachiwa ujumbe. Alibonyeza kutengua, kishale kikawa cha kijivu, hakikusogea. Hapo ndipo alipojua jambo ambalo kijitabu kililisema katika ukurasa ambao hakufika: kilichofanywa na makro hakitenguliwi. Alimpigia Mustafe kuomba nakala ya zamani. Mustafe alisema ameshaifuta, ilikuwa ikimchanganya.

"Na karatasi za wiki zilizopita?" alimuuliza Jelle.

"Nimefungia miraa." Jelle alikuna kidevu. "Umewaua watu, abaayo. Wote. Na umewazika kaburi moja."

"Si umwage kwa mmojawapo tu, wengine wangoje?"

"Nikimwaga kwa Abdille asiye wake, wale watatu watasema ofisi imeuza maji. Maji hii ina neno. Neno itoke kwako, si kwa dereva."

Nje lori lilikuwa likidondosha maji chini ya valvu, na mbuzi wa mtu walikuwa wamekwisha kuyanusa. Sharifo aliangalia lile dimbwi dogo likinywewa. Mahali fulani kulikuwa na Abdille aliyengoja wiki hii, na yeye, aliyelishika jina lake kila siku, asingeweza kumtambua hata angekalia meza yake. Alikuwa akiwajua watu wa Hadado kama mistari.

Alivaa viatu, akaenda kwa Barni.

Barni ndiye aliyempangisha chumba, na mbele ya nyumba yake aliuza chai kwa wafugaji. Sharifo alikuwa akimlipa kwa simu na kupita na salamu. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Sasa alisimama mbele ya wanaume waliokuwa na vikombe, akaanza kukiokoteza Kisomali chake, neno hapa, neno pale.

"Sema Kiswahili, hooyo," Barni alimwambia, kama mama na mwanawe. "Nimeishi Isiolo miaka yangu yote ya ujana."

Miezi yote hiyo, ukuta kwa ukuta. Sharifo akasema aliyoyatenda, na kwa nini. Kwamba aliona yale maneno ni matusi.

Barni hakucheka, ingawa wanaume walipotafsiriwa walicheka, na mmoja mwenye mdomo uliopasuka akacheka kuwashinda wote.

"Mahat ni la baba zao. Abshir ni la babu zao. Abdille wanagawana," Barni alisema, akimwonyesha yule aliyecheka. "Faruur ni lake peke yake. Ukimwondolea hilo, atabaki na nini?"

Akawauliza wale wanaume. Walibishana kidogo, wakakubaliana: zamu ni ya Abdille aitwaye Dhegoole, yule kiziwi. Lori lilipoharibika njiani, yeye ndiye aliyerukwa.

Sharifo alipanda lori na Jelle, kwa sababu neno lilipaswa kutoka kwake. Walipofika, barkadi ilikuwa na tope lililopasuka kama kisigino. Mzee alikaa kando yake, mgongo umeelekea njia. Jelle hakupiga honi. Sharifo alizunguka mbali, akaja kwa mbele, mpaka kivuli chake kikamfikia yule mzee miguuni, naye akainua uso.

Alimwonyesha karatasi. Mzee hakujua kusoma, lakini alijua mstari wake ulivyo. Aliufuata kwa kidole mpaka mwisho, pale palipokuwa na mabano siku zote, akakuta patupu. Akagusa sikio lake. Akagusa karatasi. Akamtazama Sharifo bila hasira, kama mtu anayeuliza alikoweka kitu chake.

Sharifo alitoa kalamu, akafungua bano, akaandika Dhegoole, akafunga. Mzee alikagua. Akatikisa kichwa kukubali, akampungia Jelle mkono afungue maji.

Mpira ulipokuwa ukimwaga, mzee alisema jambo kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. Jelle alitazama pembeni.

"Anauliza kama wewe ndiye Kaligeed."

"Kaligeed ni nani?"

"Ni wewe. Tangu ulibokuja." Alikaza valvu ambayo haikuhitaji kukazwa. "Ni kama kusema, yule mwanamke aliye beke yake."

Sharifo alimtazama mzee, akaitika kwa kichwa kwamba ndiye.

Mchana ule alirudi ofisini akaongeza safu mpya kando ya majina matatu, mahali ambapo mfumo wa Wajir usingefika. Akaiita Lakabu. Mstari wa Dhegoole aliujaza, na wa Faruur aliyecheka. Mingine yote ilikuwa mitupu mpaka chini, na hapakuwa na kitufe cha kuijaza. Ilimbidi aende barkadi kwa barkadi, benchi kwa benchi, akiuliza.

Alizima kompyuta bila kuiaga. Alipofika nyumbani wateja walikuwa wametawanyika, na Barni alikuwa akifuta masufuria.

"Kaligeed," Barni aliita, akasita, kana kwamba limemponyoka. "Kuna chai imebaki."

Sharifo alikuwa tayari ameshika ufunguo. Aliutazama mlango wake, kisha akaurudisha ufunguo mfukoni.

"Naam," alisema, akaenda kukaa.