Maneno ya Bimkubwa

Mama Pacha alianza kuandika blogu mwaka ule mama mkwe wake alipohamia kwao na masanduku mawili na mdomo usio na breki. Kila alichoropoka Bimkubwa, iwe ni kuhusu chumvi iliyozidi, majirani au wanaume wanaokoroma, jioni kilikuwa mtandaoni chini ya jina Mkwe Kasema. Watu wakaipenda, matangazo yakaja, na baada ya miaka michache blogu ikawa inalipa kodi ya nyumba. Bimkubwa mwenyewe alijua, tena alijivuna. Sokoni alisimamishwa na watu asiowajua, na hakuna kilichompendeza kama hicho.

Ndipo akajitokeza mnunuzi, mwenye kampuni ya tovuti kadhaa, akitaka kuichukua yote. Mama Pacha hakukubali wala hakukataa. Mumewe, fundi umeme, alishauri wavute subira hadi mwisho wa mwaka, wakati matangazo yanapopanda bei. Aliona mumewe ana hoja, wakakubaliana hivyo.

Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi sare za watoto aliposikia kishindo bafuni. Alimkuta Bimkubwa chini, taulo limemkaa upande, mguu umekunjika vibaya.

"Usinibebe kama kabati," mama mkwe alisema kwa taabu. "Kabati halina haya, mimi ninazo."

Mama Pacha alisimama mlangoni kidogo. Kisha akainama, akamfunika vizuri, akapaza sauti kumwita mumewe.

Daktari alisema nyonga imepata ufa, itapona ila taratibu. Mama Pacha aliketi kwenye benchi la ukumbini, akatoa simu awaarifu mawifi zake. Alipoitazama skrini, hakuona ujumbe wa mawifi. Vidole vyake vilikuwa vimeshaandika kichwa cha habari, Kabati Halina Haya, na mistari mitatu chini yake. Akakumbuka kwamba pale mlangoni hakuduwaa kwa hofu. Alikuwa akiyakariri yale maneno yasimponyoke.

Akafuta yote. Alipoinuka pale alikuwa ameshaamua.

Jioni alimwambia mumewe kwamba anauza, tena wiki hiyohiyo. Mumewe akashangaa. Bila ubaya wowote akamweleza kwamba huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuuza: kwanza aandike habari ya kuanguka kwa mama, wasomaji wamiminike, bei ipande, ndipo auze.

"Basi hapo ndipo ninapopakimbia," Mama Pacha alisema.

Mumewe akajikuna kichwa. Alimjua mkewe, akishakaza sauti namna ile, hakuna wa kumrudisha nyuma.

Kazi ilikuwa kwa Bimkubwa. Alipopewa habari pale wodini alinuna kama mtoto, akalalamika kwamba kavunjika mfupa mmoja tu na tayari anapigwa mnada. Mama Pacha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, siku ile ulipoanguka, nilisimama mlangoni nikikariri maneno yako. Nilipoyashika ndipo nikakuinamia. Siku hizi nakusikiliza kwa ajili ya wasomaji, na mimi sitaki."

Bimkubwa aligeukia dirishani. Muuguzi alikuja, akatandika kitanda cha pili, akaondoka.

"Niliona midomo yako inacheza," Bimkubwa alisema hatimaye. "Nikadhani unaniombea dua."

Mama Pacha akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Uza," Bimkubwa alisema. "Lakini wasinitungie. Yaliyopo wachukue. Mapya wakayatafute kwa mama zao."

Sharti hilo Mama Pacha alilipeleka kwa mnunuzi kama lilivyo. Mnunuzi hakulifurahia, kwa sababu alikusudia kuajiri vijana waendelee kuandika kana kwamba ni Bimkubwa anayesema. Alibembeleza, akazunguka, mwisho akasema bila ruhusa hiyo bei itashuka, tena sana. Mume alimkanyaga mkewe mguu chini ya meza. Mama Pacha akausogeza mguu wake, akatia sahihi. Jioni hiyo akakabidhi nywila zote, na kompyuta ikabaki ya watoto kufanyia kazi za shule.

Miezi kadhaa baadaye simu iliita wakati yeye na Bimkubwa wakipanda ngazi za nyumbani wameshikana mikono, mara ya kwanza bila fimbo. Mnunuzi alieleza kwamba wasomaji wanamkimbia. Akaomba Mama Pacha arudi kuandika hata mara moja kwa wiki, malipo ataje mwenyewe. Alimjibu kwa upole kwamba ameshika kitu mkononi na hataweza, si leo wala baadaye.

"Nani huyo?" Bimkubwa aliuliza, akihema.

"Mnunuzi. Anataka nirudi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimekataa, mama. Inua mguu."

Bimkubwa akauinua.