Dodoso Lililojazwa Ngazini

Karatasi yangu niliiegemeza mgongoni kwa Spika. Yeye ya kwake aliiegemeza mgongoni kwa msichana aliyekaa ngazi ya chini yake, na msichana yule akawa anaandikia gotini, akinung'unika kwamba penseli inatoboa. Kutoka ghorofa ya tatu hadi sakafu ya mapokezi, ngazi zilikuwa zimejaa watu wanaoandika. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyebeba bango. Na mimi, mtu wa mabango tangu ujana, moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtoto aliyesikia geti la shule linafunguliwa kabla ya wakati.

"Spika, tulia. Ukicheka, herufi zangu zinaruka."

"Sicheki, Mjomba. Natetemeka."

Darasa zima liliniita Mjomba. Nilifika chuo kikuu nikiwa na mvi za kuhesabika kidevuni. Shule niliiacha mapema nikawa fundi wa kuchomelea vyuma, na nilichokijua nilikiokota katika magazeti yaliyofungia misumari, vitabu visivyo na majalada, na mabishano ya kijiweni. Mtihani niliufanya kama mtahiniwa binafsi, nikafeli, nikarudia, nikapita. Wenzangu walikwenda chuoni kutafuta shahada. Mimi nilikwenda kutafuta wa kumlaumu. Na kwa kweli sikuhangaika sana.

Nilimkuta siku ya kwanza, hapo hapo mapokezi, mkono wa kulia: lifti.

Jengo letu lilikuwa la Kitivo cha Usanifu Majengo, lenye vioo mbele, na picha yake ilitokea kwenye kalenda ya chuo kila mwaka. Lifti yake ilikuwa na milango ya chuma kilichosuguliwa hadi unaweza kunyolea ndevu. Ukibonyeza kitufe, taa nyekundu iliwaka. Basi. Kama mtu anayekuitikia "naam" bila kuinuka kitini. Aliyeulizwa aliambiwa kipuri kimeagizwa. Wahitimu waliotutangulia waliambiwa hivyo hivyo, na mbele ya milango ile mtu mwenye huruma alikuwa ameweka chungu cha maua.

Chumba cha kuchorea kilikuwa ghorofa ya tatu, juu kabisa, kwa sababu paa lake lilikuwa la kioo na mchoraji anahitaji mwanga usiomtupia kivuli cha mkono wake. Hiyo ni sababu ya kitaalamu na siipingi. Lakini katika darasa letu alikuwepo binti mmoja aliyetembelea kiti cha magurudumu, mwenye ulimi wa kunyoa bila maji, na kila asubuhi vijana wanne walimbeba yeye na kiti chake hadi juu. Aliyeshika kwa mbele alikuwa Spika, mwakilishi wa darasa, akinguruma, "Pisheni! Msafara unapita!" Ndiyo maana binti yule tulimwita Waziri.

Alicheka na sisi. Ila nilimwona, kila tulipofika kwenye kona ya ngazi, anavyofumba macho.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "mimi naijua dari ya jengo hili kuliko aliyeijenga."

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Ngazi zililowa, mguu wa Spika ukateleza, na kiti kikamtoka mkononi. Waziri alianguka ubavu. Mfuko wa turubai aliokuwa anabebea michoro, alioshonewa na baba yake fundi cherehani, ulibingirika hadi mapokezi peke yake. Hakuvunjika. Alisimikwa tena kitini, akafuta vumbi kwenye kiwiko kilichochubuka, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja anachokwenda kununua dukani:

"Sibebwi tena. Mimi si godoro."

"Waziri, nisamehe, kiatu changu..."

"Kiatu chako hakina kosa, Spika. Uhasibu uko chini, usawa wa barabara. Lifti isipotembea muhula ujao, nahamia huko."

Nani angebisha? Mchoro bora wa mwaka ule ulikuwa wake, nyumba yenye milango mipana na kona zisizomkaba mtu. Ulikuwa umebandikwa ukutani ghorofa ya tatu, mahali ambapo kuanzia siku ile hakuweza kuuona.

Alimwandikia Mkuu wa Kitivo. Jibu lilirudi upesi kuliko tulivyotarajia, nalo alitusomea kantini, juu ya vikombe vya chai. Mkuu alimpa pole. Alieleza kwamba fedha za matengenezo hugawanywa kwa kufuata utafiti wa kila mwaka wa maoni ya wanafunzi, na kwamba katika utafiti uliopita karibu wanafunzi wote wa kitivo chetu walisema wanaridhika sana na huduma ya lifti.

Nilipiga meza, chai ikanimwagikia mapajani. "Waongo! Wametunga!"

"Hawajatunga," alisema Waziri, akiikunja barua. "Mimi mwenyewe niliweka tano."



Asiyewahi kuishi pale atashangaa, kwa hiyo naeleza. Kila mwaka, kabla ya mitihani, afisa wa Ofisi ya Ubora alikuja darasani na bunda la madodoso na kisanduku. Dodoso lilitaja huduma za chuo moja baada ya nyingine, nawe ulizungushia namba: moja kwa siridhiki kabisa, hadi tano kwa naridhika sana. Ndani ya kisanduku kulikuwa na vibali vya mtihani. Rudisha dodoso, chukua kibali. Sasa nani, akiwa na mtihani wiki ijayo, atakaa kutafakari usafi wa vyoo? Tulirithi dawa kutoka kwa waliotutangulia, nao waliirithi kwa waliowatangulia. Mwakilishi alisimama mbele akapaza sauti kama sajini: "Tano chini!" Penseli zote zikashuka pamoja, tano, tano, tano, hadi mwisho wa ukurasa. Kabla hujamaliza kupiga chafya umeshapata kibali. Tuliona tumewazidi akili.

Mimi nilikuwa na dawa nyingine. Pale pale kantini nilianza kuipanga: mgomo, kipaza sauti, tairi mbili getini. Hotuba nilikuwa nayo, ilikosa siku tu. Waziri alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Ukipiga kelele watakufukuza wewe, Mjomba, na lifti itabaki pambo. Hawa watu wametuuliza. Kila mwaka wanatuuliza. Hebu safari hii tuwajibu."

"Hilo tu?"

"Hilo halijawahi kufanyika."

Niliona kama ameninyang'anya nyundo akanipa kijiko. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na si kwa hasira. Kulikuwa na kitu katika lile "hebu tuwajibu" kilichonitekenya. Nimesoma habari za watu waliovunja malango. Sikuwahi kusoma za watu waliogonga, wakaambiwa karibu, wakaingia kweli.

Kigingi kilikuwa Spika. Bila sauti yake, darasa lingeshuka na tano kwa mazoea tu. Alikuna kichwa. "Nikileta zogo, Mjomba, vibali vya watu wote vitacheleweshwa. Watanitafuna mimi."

"Zogo gani? Kusoma maswali ni zogo?"

"Nitafikiria," alisema, kwa sura ya mtu ambaye hatafikiria.

Siku ikafika. Afisa alikuja mwenyewe, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inizwa kwa mnyororo, akaweka kisanduku chake mezani chini ya paa la kioo. Waziri alibaki mapokezi. Alikuwa amekataa mabega yetu wiki zote zile, tukawa tunamshushia kazi na kumpandishia majibu kama yuko gerezani.

"Haraka jamani," alisema afisa. "Kuna darasa jingine linanisubiri."

Spika alisimama mbele. Kifua kilipanda, mdomo ukafunguka, na penseli zote za darasa zikainuka zikisubiri amri. Nilimtazama. Hakunitazama. Jasho lilimtoka puani.

"Swali la kwanza," alisema. "Kumbi za mihadhara zina viti vya kutosha. Mnasemaje?"

Ikaja sauti kutoka nyuma: "Mimi nisemeje, nimekaa dirishani!"

Kicheko kilipasuka, na kitu fulani kikapasuka pamoja nacho. "Swali la pili!" alinguruma Spika, na sasa alikuwa Spika kweli. Vyoo. Maktaba. Watu walibishana, wakafuta, wakaandika upya. Kwa mara ya kwanza tuliyasoma yale maswali, na tukagundua kwamba mwaka baada ya mwaka tumekuwa tukiridhika sana na bwawa la kuogelea.

"Bwawa gani?"

"Lile la koridoni mvua ikinyesha!"

"Lile chafu, mpe moja!"

"Lina kina lakini, mpe mbili!"

Hata afisa aliziba mdomo kwa kitambaa. Kisha Spika akasoma, "Huduma ya lifti," na kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Hili siwezi kulijibu hapa," alisema polepole. "Mwenye jibu yuko chini."

Akatoka. Msichana wa mbele akamfuata. Kisha viti vyote vilikwaruza sakafu kwa mpigo.

"Mnakwenda wapi?" afisa aliruka. "Madodoso hayatoki nje ya chumba!"

"Hayatoki nje ya jengo, mama," nilimwambia. "Nami nitakubebea kisanduku." Alikikumbatia mwenyewe, akateremka nyuma yetu.

Waziri alisikia vishindo, akageuza kiti. "Nilisema sibebwi!"

"Hatujaja kukubeba," alisema Spika. "Tumeshuka tu."

Tukakaa. Ngazi zikajaa, wengine wakining'iniza miguu kati ya vyuma vya kishikio cha ngazi. Chini kabisa ya dodoso kulikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa *Maoni mengine*, mistari ambayo tangu chuo kianzishwe nadhani ilikuwa haijaguswa. Siku ile kila mtu aliandika amefikaje darasani, na ni nani hakufika. Afisa alisimama kwa muda, akachoka, akakaa ngazi ya mwisho na kisanduku mapajani.

Hapo ndipo Mkuu wa Kitivo alipoingia kutoka nje, na mkoba wake, akielekea ofisini. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Kuna nini hapa?"

"Shikamoo, Mkuu," alisema Waziri. "Tunajaza dodoso."

"Ngazini?"

"Samahani, tumeziba njia. Lakini usisumbuke, lifti hiyo hapo. Karibu wote wanaridhika nayo sana."

Nimewaona wakubwa wengi wakitafuta pa kutokea. Yule angeweza kupiga kelele, au kutukanyaga apite. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi kina adabu zake. Alikizunguka chungu cha maua, akabonyeza kitufe.

Taa iliwaka.

Tulingoja naye. Penseli zilisimama hewani kutoka chini hadi juu, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba kwa moyo wangu wote milango isifunguke. Alibonyeza tena. Mtu alikohoa ghorofa ya pili. Shingo ya Mkuu, juu ya kola nyeupe, ilibadilika rangi taratibu.

Waziri alisogeza kiti chake kidogo, akaonyesha benchi lililokuwa kando yake.

"Karibu, Mkuu. Mimi huwa nakaa upande huu. Una upepo mzuri."

Akakaa. Alikaa na mkoba wake mapajani hadi dodoso la mwisho lilipoingia mikononi mwa afisa, na kila aliyepokea kibali alimpitia akamwamkia. Hakuna aliyemzomea. Nilikuwa na hotuba nzima kooni, nikaimeza, na sijawahi kumeza kitu kitamu kama kile.

Kipuri kilifika likizoni. Kumbe miaka yote ile kilikuwa hakijaagizwa.

Siku ya kufungua muhula tulijazana mapokezi. Mtu alikuwa ameondoa chungu cha maua. Waziri aliingia kwenye lifti, akageuka, akatuzuia kwa kiganja. "Ninyi mna miguu, itumieni." Milango ikamfunika. Sote tukatimua mbio ngazini, tukipigana vikumbo, Spika mbele, mimi nyuma na mapafu yangu yaliyokula moshi wa kuchomelea. Tulipofika alikuwa ameshakaa chini ya paa la kioo, mbele ya mchoro wake ukutani, na rula mezani.

"Mmechelewa," alisema.

Ningeweza kuishia hapo, na wapenda amani wangefurahi. Lakini mimi nina kumbukumbu ndefu. Siku hizi naulizwa kila mahali: benki wananiuliza, hospitali wananiuliza, simu inanionyesha visura vya manjano nichague kinachonuna au kinachocheka. Kila nikiulizwa namkumbuka yule mama mwenye miwani, alipotuletea dodoso la mwaka uliofuata.

Lilikuwa jipya, karatasi nzito, nembo ya rangi juu. Nililisoma kuanzia mwanzo. Bwawa la kuogelea halikuwepo. Lifti haikuwepo. Nilishuka hadi chini kutafuta ile mistari mitatu, na chini hapakuwa na mistari. Ukurasa ulikwisha kwa namba, moja hadi tano, kisha ukingo.

Damu ilinipanda. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na ile hotuba niliyoimeza ngazini ikapanda yote, neno kwa neno.

Mkono ulinivuta shati.

"Kaa, Mjomba," alinong'ona Waziri.

Aligeuza karatasi yake. Nyuma kulikuwa kweupe, ukurasa mzima, bila hata mstari mmoja. Aliulaza mezani chini ya ule mwanga usio na kivuli, akaufuta kwa kiganja kama anavyofuta kila karatasi kabla ya kuchora, akaanza kuchonga penseli.

"Safari hii," alisema, "wametupa nafasi."