Walikula Nje Mchana Kutwa

Maneno fundi cherehani aliyasikia kwenye foleni ya maji: eti shoga yake Madoido siku hizi halali kwake. Aliyeyasema hakuongeza kitu, alijitwika ndoo yake akaenda zake. Fundi akajiambia watu wana midomo. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kuinamisha kichwa. Lilimkosesha raha wiki mbili, likapanda naye basi, na asubuhi aliposimama na bintiye mbele ya dirisha la chuo cha uuguzi, katika mji ambao hakuwahi kuukanyaga, bado lilikuwa linamwasha.

"Bweni au kwa mwenyeji?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Kwa mwenyeji. Ni shoga yangu, tumekua kama ndugu. Ni msusi hapahapa mjini."

"Basi ajaze fomu hii, aandike namba ya nyumba, mnirudishie kabla ya saa kumi. Asiye na pa kulala hasajiliwi. Bwenini nimebakiwa na vitanda vitatu. Ikifika saa sita navigawa."

"Saa sita bado mbali," fundi alisema.

Ada ya bweni alikuwa nayo, ameishonea ndani ya mkoba. Alitaka ibaki, imnunulie binti sare na viatu. Ndiyo maana alikuwa amemwandikia Madoido, na Madoido akajibu: mlete, huyo ni mwanangu.

Madoido aliwapokea getini, wigi jipya, viatu vya visigino, kicheko kilekile cha utotoni.

"Jamani, fundi! Umekonda kama sindano yako!"

"Na wewe umenenepa hadi jina halikutoshi."

"Nakula na sehemu yenu."

"Shikamoo, mama mdogo," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, twendeni tukanywe chai."

"Tungepitia kwako kwanza, tukaweke begi," fundi alisema.

"Begi lina njaa? Tule kwanza, shoga."

Katika mgahawa wa kwanza bei zilikuwa zimeandikwa ubaoni kwa chaki, zikafutwa kwa kidole, zikaandikwa tena juu ya doa jeupe. Waliagiza chai na mayai. Madoido aliomba njia ya chooni, akarudi uso unang'aa, ananukia dawa ya meno. Mkoba wake ulipofunguka, fundi aliona mswaki na kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa nailoni. Akafungua mdomo. Lakini utamuulizaje mtu kwake ni wapi, na kijiko chake bado kiko mdomoni mwako?

Saa tano walihamia duka la juisi. Madoido alisimulia habari za wateja wake, yule anayesukwa akidai ana msiba ili apunguziwe bei na yule anayesinzia hadi anakoroma, na wote watatu wakacheka. Madoido alipokwenda kunawa mikono, binti aliegemea kwa mama yake.

"Mama, muulize. Saa zinakwenda."

"Nyamaza. Ataona hatumwamini."

Saa sita ilipita wakila wali na kuku. Wali wenyewe ulikuwa umepunguzwa, ukafinyangwa kwa bakuli ili usimame kama kofia, na chini yake sahani tupu. Madoido hakula sana. Alichambua mfupa ambao nyama yake ilikwisha zamani.

Saa nane alisema kuna mahali wanauza aiskrimu nzuri. Fundi hakuinuka.

"Shoga. Miguu imechoka. Twende kwako."

Madoido alivua viatu vyake chini ya meza. Vidole vilikuwa vimevimba.

"Kwangu wapi? Walikuja na tingatinga mwezi uliopita, wakaibomoa nyumba, barabara inapanuliwa. Wanasema notisi ilitolewa. Waliibandika kwenye nguzo, mvua ikailamba. Fidia ni ya mwenye nyumba, mpangaji anaambiwa pole. Nalala saluni, na bosi hajui."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema namnyima mwanao pa kulala. Nilidhani nitapata chumba kabla hamjafika, nimezunguka hadi soli zimeisha. Na wewe, mbona hukuniuliza? Umeniangalia tangu asubuhi kama mtu anayetafuta uzi uliokatika."

Fundi akaliinua begi. Walikuwa wamestahiana tangu asubuhi, kila mmoja akimfichia mwenzake aibu, na vitanda vikaenda kwa watoto wa watu wengine.

Wakarudi mbio dirishani.

"Nilisema saa sita," karani alijibu.

"Hata godoro la chini, baba?"

"Mama, kwani mimi nauza magodoro? Fomu iko wapi? Bila fomu, mrudi naye nyumbani."

Madoido aliivuta ile fomu. Akajaza jina lake, akaandika namba ya nyumba ambayo sasa ni vifusi, akatia sahihi. Akaisukuma dirishani. Karani hakusoma hata mstari mmoja. Mhuri ukagonga.

"Mwingine."

Jioni, wateja na bosi walipoondoka saluni, Madoido aliwaonyesha pale pa kulala: kati ya ukuta na viti vya kusukia, sakafuni, na nywele za watu zimefagiliwa kando. Bosi hufika saa moja asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili lazima wawe wametoka na kila kitu chao. Fundi alitoa utepe wake wa kupimia, akapiga magoti, akapima. Kimo cha binti yake hakuhitaji kukipima, ndiye anayemshonea nguo tangu azaliwe. Nafasi haikumtosha.

"Nitajikunja, mama," binti alisema.

Basi la kurudi lilikuwa linaondoka. Fundi aliifumua bitana ya mkoba kwa meno, akamwachia binti ile ada, akaenda peke yake.

Mwenye mtoto anayekwenda kusoma mbali aepuke haya:

Kukataa kitanda cha chuo kabla hajakiona kitanda kingine kwa macho yake.

Kukaa kula wakati begi la mtoto halijapata pa kuwekwa.

Kuona haya kuuliza.

Kumficha rafiki shida, ukingoja ikwishe yenyewe kabla hajafika.

Kudhani mwenye mhuri amesoma.

Kumlaumu shoga yako. Si yeye aliyeleta tingatinga.