Chipu Saba za Rangi ya Kucha

Saa tatu asubuhi skrini ilionyesha miraba myeusi na myeupe, basi. Kompyuta ambayo Ilinca na Octavian waliiunda kwa mikono yao katika hosteli ya wanafunzi mjini Cluj, mwaka 1987, ilikataa kuamka. Maonyesho ya kompyuta za zamani yalikuwa yafunguliwe saa sita, na msimamizi alikwishabandika karatasi: "Haifanyi kazi."

"Ni lehemu zako, Ilinca," Octavian alisema. "Zimezeeka kama sisi. Chipu mbovu nimeitoa juzi, na niliyoweka ni nzima."

"Tavi, lehemu zangu ziache. Nani aliniomba nimlehemie bodi ya mtihani?"

"Ah, hayo ya zamani!"

Ilinca alipima viungo vya chipu zote nane za kumbukumbu, kimoja kimoja. Hakuna kilichoachia. Akachukua kitambaa, akafuta vumbi lililoganda migongoni mwa chipu. Saba zilikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha. Ile ya Octavian haikuwa nalo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kopo letu la hosteli. Niliipima mwenyewe, bibie, ikajibu!"

"Nusu ipi ilijibu?"

Octavian akainama kuitazama tena ile chipu.

Miaka ile chipu nzima hazikuwafikia wanafunzi. Walipata zilizokataliwa kiwandani, nusu ya kumbukumbu hai, nusu imekufa. Mashine ilitumia nusu moja tu, hivyo zote nane zilipaswa kuwa hai upande uleule. Ilinca ndiye aliyezipima. Zenye nusu ya chini iliyo hai alizitia tone. Zenye nusu ya juu aliziacha hivyohivyo.

"Mimi nilidhani unaziremba," Octavian alisema. "Si ulipaka hata mswaki wangu?"

"Mswaki ulistahili. Lete kopo."

Akachagua chipu yenye tone, akaing'oa ya Octavian, akalehemu ile aliyoichagua mahali pake. Viungo kumi na sita, vinang'aa sawasawa na vile vya zamani. Akawasha. Skrini ikawa nyeupe, kisha mstari wa maandishi ukatokea chini.

Octavian akabandua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Ilinca akaacha kifuniko wazi. Akatoa kioo chake cha mkobani, akakilaza chini ya bodi ili wageni wauone upande wa lehemu zake. Saa sita milango ilifunguliwa.