Mgongo wa Filomena

Kila Jumanne asubuhi wazee wa Masuguru hukutana nyuma ya zahanati. Huketi na kusimama bila kushika kiti, kisha huinua vidumu vilivyojazwa mchanga. Muuguzi Glory ndiye anayewaongoza. Filomena alijiunga baada ya kuanguka bafuni, kwa kuwa hakutaka kuwa mzigo kwa mwanawe Gerald, anayeishi naye.

Mvua za vuli zilipoanza, siku moja alishindwa kusimama. Mumewe Stefano, aliyezikwa zamani Kwashemshi, alikuwa amempanda mgongoni, mikono yake ya baridi imemzunguka shingoni. Udongo mwekundu ulikuwa ukimdondoka vidoleni.

"Shikamoo babu," alisema Glory. Kisha akamwambia Filomena, "Bibi, nyoosha mgongo. Visigino chini."

Mzee Mbaruku akasogeza kiti chake kuwapisha.

"Umefuata nini, Baba Gerald?" Filomena aliuliza akihema.

"Sina pa kulala. Wamejenga choo juu yangu."

Gerald alipouza shamba la Kwashemshi, alimwapia mama yake kwamba kaburi la baba yake limezungushiwa uzio. Filomena hakuwahi kwenda kuhakikisha. Magoti yake yalikuwa yameukataa mlima wa kwenda huko.

Akaendelea na mazoezi, Stefano akiwa mgongoni. Mahindi yalipokomaa, miguu yake ilikuwa imepata nguvu. Akapanda naye hadi Kwashemshi.

Choo kilikuwa cha matofali, kina mlango wa bluu. Mama mwenye nyumba aliacha kupepeta mahindi, akawakaribisha.

"Tukiingia mle, huyu mzee alikuwa anagonga kutoka chini," alisema. "Tulimwambia Gerald. Akasema tutazoea."

"Mkazoea?"

"Watoto walizoea. Siku hizi hagongi."

Stefano alificha uso begani mwa Filomena.

Waliporudi, Gerald alikuwa anakula.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," aliitikia Filomena. Stefano hakuitikia. "Ulijua, Gerald."

"Nilijua, mama. Lakini shamba lilishauzwa. Sasa mtu avunje choo chake?"

Akampakulia mama yake ugali na maharage. Hakumuuliza baba yake kama anakula.

Filomena alinawa, akala. Kabla hajamaliza, alisikia mtu akikoroma kisogoni mwake, taratibu, kama aliyekosa usingizi kwa miaka mingi.

Tangu siku hiyo Filomena hulala kifudifudi.